Leva Upande wa Kulia

Mimi nilizaliwa mtu wa mkono wa kushoto, na baba yangu akaapa kwamba sitakufa hivyo. Alikuwa anachana kitambaa kutoka kilemba chake cha zamani, ananifunga ule mkono ubavuni, halafu ananisogezea sahani na kuniambia, "Sasa kula." Nililia, nikamwaga uji, nikaipiga sahani teke. Haikusaidia kitu. Kufikia wakati wa kuanza shule nilikuwa naandika kwa mkono wa kulia kama kila mtu, mwandiko wa kuku, na ule wa kushoto nikaufundisha kukaa kimya. Lakini haukulala kabisa. Nikishtuka au nikiogopa, ndio huo uliotangulia.

Baba hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu amwone hivyo. Babu alikuja Isiolo na jeshi la Wazungu, vita vikaisha, akaachwa hapo na kiwanja na ng'ombe wachache. Baba akarithi nyumba, ng'ombe, na tabia za kijeshi ambazo hakuwahi kufundishwa na jeshi lolote. Kila kitu kilikuwa na upande wake. Msikitini unaingia kwa mguu huu, chooni kwa ule. Kula, kusalimia, kupokea, kutoa, kukamua, kuchota maji: mkono wa kulia. Ukimpa kikombe kwa mkono wa kushoto hasemi neno. Anakuangalia tu, na kikombe kinakaa hewani mpaka wewe mwenyewe ukumbuke.

Katika miaka ya sabini, walowezi wa upande wa Timau walipokuwa wanafunga mizigo yao kwenda, baba alinunua trekta. Ilikuwa ndogo, ya kijivu, na ilikuwa nzee tayari siku ilipofika kwetu. Baba alikuwa na lori la kubeba mifugo, na majirani wakamuuliza mtu wa ng'ombe anataka nini na trekta. Ilikwenda Kinna kulimia watu wenye mashamba ya maji, ilivuta tela la madumu kiangazi, na kaka yangu akakulia juu ya kiti chake cha chuma mpaka tukadhani makalio yake yamechukua umbo la kile kiti.

Kaka alinipita miaka mingi. Aliniita abaayo, yaani dada kwa lugha ya nyumbani, hata alipokuwa amenikasirikia. Alikuwa mpole, mpole mpaka inaudhi. Mimi nikibishana na baba, yeye anasema "ndiyo aabo", yaani ndiyo baba, na kuondoka, halafu ananikonyeza mlangoni. Nilikuwa namwambia, "Wewe hata ukiambiwa uingie kisimani utauliza tu ni kisima gani." Alikuwa anacheka.

Kitu kimoja tu ndicho kilimkosesha usingizi. Ile trekta nguvu zake zote zilikuwa nyuma. Nyuma ndiko kulikuwa na zile pembe mbili zinazoinuliwa na oili, zikanyanyua jembe au sanduku la kukwangua udongo. Mbele hakukuwa na kitu, pua tu. Mtu akitaka kuchimba anaendesha huku amegeuza shingo siku nzima, na jioni mama anamkanda kwa samli. "Abaayo," aliniambia siku moja huku amejishika shingo, "nimechoka kuangalia nilikotoka. Nataka nione ninachochimba."

Alichotaka kuchimba kilikuwa silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, la upande wa Gotu. Lilichimbwa zamani na Wazungu, likajaa tope mwaka hadi mwaka, mpaka mvua ikija maji yanapita juu na kwenda zake. Ng'ombe wa wajomba zetu walitegemea lile silanga, na wa kwetu pia walikuwa kwao. Kaka akasema akipata ndoo kubwa ya chuma mbele ya trekta, inayopanda na kushuka kwa oili, atalirudisha lile silanga vile lilivyokuwa.

Basi akaenda kwa fundi. Huyu alikuwa Mmeru, mtu mfupi, gereji yake nyuma ya kituo cha petroli, na alikuwa anaongea na injini kuliko anavyoongea na watu. Walizunguka pamoja mpaka Meru, wakarudi na pampu na jeki mbili zilizotolewa kwenye lori bovu la kumwaga kokoto. Pampu wakaifunga mbele kabisa, chini ya rejeta, ikizungushwa na puli ya injini. Wakachomelea tangi dogo la oili. Jeki moja kila upande, mikono miwili mirefu ya chuma, na mbele ndoo yenye meno. Katikati ya hayo yote mipira minene ya presha, ile inayobeba oili kutoka pampu kwenda kwenye leva, kile kijiti cha kupandisha na kushusha ndoo, na kutoka leva kwenda kwenye jeki. Siku ndoo ilipopanda mara ya kwanza, pampu ikatoa sauti nyembamba, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Watoto wa bula nzima, mtaa wetu, wakapiga makofi. Kaka alikuwa na oili mpaka kwenye kope, na sijamwona mtu mwenye furaha vile tena.

Baba akatoka kuja kutazama. Fundi akasema, "Habari ya mzee." Baba akasema salama. Akaizunguka trekta, akagonga ndoo kwa fimbo, akaridhika. Kaka akapanda kumwonyesha. Leva ilikuwa upande wa kushoto wa kiti. Kaka akaishika kwa mkono wa kushoto, ndoo ikaanza kupanda, na baba akainua fimbo.

"Simama. Unachimba maji ya watu na wanyama kwa mkono wa chooni?"

Kaka akazima. Mimi nilikuwa mlangoni na nikasikia damu inapanda kichwani, kwa sababu ule mkono ulikuwa ni wangu pia. Fundi akafuta mikono kwenye suruali. "Mzee, hiyo leva iko huko kwa sababu bomba la moshi liko hii upande ingine. Mipira haitaki moto. Nikihamisha leva kulia, mipira itapita karibu na bomba."

"Si uifunge mbali kidogo?"

"Naweza kufunga na waya, mzee. Lakini huku kuna moto."

"Basi funga na waya. Kazi ya kheri inaanza na bismillah, na bismillah ina mkono wake."

Fundi akamwangalia kaka. Nilimtazama kaka pia, nikimwomba kimoyomoyo, hata mara moja tu katika maisha yako, kataa. Kaka akatabasamu. "Sogeza tu, fundi. Aabo amesema."

Ikasogezwa. Ikafungwa na waya, ikazungushiwa gunia. Ikafanya kazi vizuri kabisa, na sisi wote tukasahau.

Siku yenyewe nilikuwa hapo silangani. Nilikuwa nimekuja na chakula kwenye gari la mjomba. Ilikuwa alasiri, jua kali, baba amekaa juu ya jiwe na wazee wawili, na kaka anakwenda na kurudi, anachota tope kavu na kulimwaga ukingoni. Kisha akasimamisha trekta, ndoo ikiwa juu, imejaa. Akaruka chini. Injini hakuizima kwa sababu betri ilikuwa imekufa, na ukizima lazima watu wasukume. Akaenda mbele, akainama chini ya ndoo, na nikaona alichofuata. Kobe. Kobe mkubwa alikuwa amejizika kwenye tope, na kaka alikuwa hataki kumpitishia meno ya chuma. Alikuwa anaongea naye. "Toka mzee, toka, hapa kuna kazi." Mimi nilikuwa nacheka.

Ndoo ikashuka. Haikupiga kelele. Ilikaa chini tu, kama mtu aliyechoka anavyokaa. Nilisikia wazee wakipiga kelele, nikaona baba anakimbia, na sikuwahi kabla ya hapo kumwona baba akikimbia. Yeye ndiye aliyefika kwanza. Oili ilikuwa imemwagika kwenye udongo, nyeusi, imeenea kote. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeziba mdomo wangu, nao ulikuwa unanuka mchuzi.

Tulimzika kesho yake asubuhi, mjini. Kila mtu aliyekuja akasema ni kudra ya Mungu. Baba akawajibu kila mmoja, ni kudra ya Mungu. Hakuuliza kitu gani kiliharibika. Hakuuliza siku ile, wala kesho yake, wala baada ya wageni wa matanga kumalizika.

Fundi ndiye aliyekwenda na lori kuivuta trekta kuirudisha nyumbani. Baba akiwa msikitini, fundi alikuja mlango wa jikoni, ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Akafungua mbele ya mama na mimi. Ulikuwa ule mpira wa presha wa upande wa kulia. Waya ulikuwa umelegea kwa kutikiswa, gunia limeungua, na mpira ukalala juu ya bomba la moshi mpaka ukawa mgumu, ukapasuka. Palipoungua palikuwa na urefu wa kidole.

"Mama, nilimwambia mzee huku kuna moto," akasema, na machozi yakamtoka mtu mzima yule. Akanigeukia mimi. "Wewe ulisikia. Nilimwambia."

Mama hakulia. Alimshika mkono. "Nani mwingine ameona hii?"

"Hakuna mtu."

"Basi na wewe hujaona. Unanisikia? Yule mzee akijua, atakufa. Nimeshazika mmoja wiki hii. Wallahi sitazika wawili."

Akauchukua ule mpira, akauzungushia gazeti lake, akauweka chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya nguo zake za harusi. Tangu siku ile nyumba yetu ikawa na kazi moja: baba asijue. Tukawa hodari. Mgeni akianza tu kuuliza, "Kwani ile mashini iliharibika wapi?" mama anaangusha sufuria. Nilijifunza kuingilia mazungumzo kwa habari za bei ya sukari, habari za mbuzi wa jirani, habari yoyote ile. Kuna sufuria kwetu zilikuwa zimebonyea mpaka hazikai mekoni.

Lakini trekta ilikuwa uani, na uani hakuna pa kuficha kitu kikubwa hivyo. Ilisimama karibu na pipa la maji, ndoo chini. Pale fundi alipoutoa mpira, bomba la chuma la oili likabaki wazi. Na ninyi mnaoujua upepo wa Isiolo mnajua hauombi ruhusa. Ukianza unavuma toka asubuhi hadi jioni, unaingia kwenye chakula, unaingia kwenye masikio. Ukaingia kwenye lile bomba. Na lile bomba likatoa sauti ileile nyembamba, ya kuimba ukiwa umefunga mdomo. Ile ya pampu inapopandisha ndoo.

Mara ya kwanza niliposikia nilimwaga maji niliyobeba. Mama alikuwa anakoroga uji. Mwiko ukasimama.

"Amepandisha," akasema.

"Mama, ni upepo."

"Najua ni upepo. Nyamaza nisikilize."

Nikachukua kitambaa nikaziba bomba. Kesho yake kitambaa kilikuwa kwenye kamba ya nguo, kimefuliwa, na bomba linaimba. Nikaziba tena, akatoa tena. Hatukusemezana juu ya hilo hata siku moja. Upepo ukitulia, alikuwa anatoka anasimama mlangoni, uso wake umemlegea, na mimi nilikuwa naona haya kumtazama.

Halafu kulikuwa na oili. Tulifagia mahali palipodondokea, tukamwaga mchanga, na baada ya siku kadhaa doa likarudi juu ya mchanga mahali palepale. Mashini imekufa, oili inatoka wapi? Fundi alisema ilikuwa imebaki ndani ya jeki, inashuka polepole. Sawa. Lakini mimi nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba nisipite pale.

Na kobe. Mmoja wa wale wazee alimleta nyumbani ndani ya gunia, sijui kwa nini, labda aliona ni kama amana. Mama akampokea. Alimlisha maganda, akamwekea maji kwenye kifuniko. Uwanja wote ule, vivuli vyote vile, na yule kobe kila mchana alikwenda kulala chini ya ndoo. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia, na mara nyingine nilipokuwa peke yangu nilimwambia, "Ungehama mwenyewe, mjinga wewe. Ungetembea hatua chache tu." Alikuwa anaingiza kichwa ndani.

Baba naye alibadilika, na mabadiliko yake yaliniogopesha kuliko upepo. Akawa mtu wa adabu. Hakukaripia mtu. Chai ikichelewa, anasubiri. Aliacha kupita sokoni akienda msikitini. Miaka yote alikuwa anapita pale kwa watu wa akala, wale wanaokata viatu kwenye matairi na kuyatoboa kwa msumari wa moto, anasimama, anasalimia, anataniana nao. Sasa akawa anazunguka mbali, njia ya nyuma ya kichinjio, penye matope na mbwa. Mimi nilifikiri anakimbia pole za watu. Siku moja jirani alikuwa anachoma takataka zake, baba akaacha chakula katikati, akanawa, akaenda kukaa ndani ya lori na vioo amefunga, katika joto lile. Nikasema, uzee.

Ule ukame mkubwa wa miaka ya themanini ulipofika, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuomboleza tena, au tuseme kila mtu alikuwa anaomboleza. Ng'ombe kutoka upande wa Korbesa walipita mjini wakiwa ngozi na macho, na wengine hawakupita, walibaki barabarani. Wajomba wakaja kutoka Gotu. Wakakaa kwenye mkeka, wakanywa chai bila maziwa kwa sababu maziwa hayakuwepo, na wakasema walichokuja kusema. Mvua ikija, na silanga liko vile, maji yatapita juu. Wamejaribu kwa majembe, ardhi ni kama chuma. Wakaangalia chini. Hakuna aliyetaja trekta. Ilikuwa mbele ya macho yao.

"Nitaangalia," baba akasema.

Kesho yake asubuhi fundi alikuwa uani. Mama alipomwona dirishani akanishika bega, vidole vyake baridi, akasema, "Amekwisha. Leo atajua." Halafu akafanya jambo ambalo lingenichekesha siku nyingine. Akaenda chumbani, akakaa juu ya lile sanduku la bati, na hakuondoka.

Mimi nilitoka. Nilisimama karibu na pipa nikijifanya nachota maji. Baba alikuwa ameinama upande wa kulia wa trekta, anaangalia lile bomba la chuma lililo wazi. Akaligusa kwa kidole.

"Hapa kulikuwa na mpira."

Fundi akajibu haraka. "Ilichakaa, mzee. Niliitupa."

"Sawa," baba akasema. Akanyooka taratibu, mkono kiunoni. "Leta mpya. Na leva uiweke upande wa kushoto."

Fundi akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ndani ya pipa.

"Kushoto, mzee?"

"Si nimesema kwa Kiswahili?"

Kutoka ndani ya nyumba nilisikia sanduku la bati likilia, kama mtu ameinuka juu yake halafu akakaa tena.

Baba aliiendesha mwenyewe. Hakutaka dereva, hakutaka mpwa, hakutaka mtu. Siku ya kwanza tulikwenda wote Gotu, mama pia, na watu walikuwa wamejaa ukingoni na majembe yao, wale waliokuwepo siku ile na wale waliosikia tu. Alikaa kwenye kile kiti cha chuma kilichokuwa kimechukua umbo la mtu mwingine. Mkono wa kulia akauweka kwenye usukani. Wa kushoto akauweka kwenye leva. Mzee mmoja, rafiki yake wa toka utoto, akakohoa.

"Mzee, huo mkono…"

"Ndio huu," baba akasema. Halafu akasema bismillah kwa sauti kubwa, kila mtu asikie, na ndoo ikapanda.

Pampu iliimba. Safari hii ilikuwa pampu kweli. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili na kukaa chini palepale kwenye vumbi. Nilitaka kumwinua, akanisukuma.

Alifanya kazi mpaka silanga likaisha. Kila alipotaka kushuka, hata kunywa maji tu, aliteremsha ndoo mpaka meno yaguse ardhi, akazima injini, na wanaume walikuja kusukuma upya. Hakuna aliyelalamika. Mvua ilipokuja baadaye ililijaza silanga lile, na ng'ombe waliobaki wakanywa hapo, wa wajomba na wa kwetu.

Lakini ninachotaka kusema ni siku aliyomaliza. Alirudi nyumbani kabla ya magharibi, akakaa uani kwenye kigoda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikuwa nachemsha chai. Mama akaja kusimama mbele yake.

"Nani amekuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Usinifanye mtoto mimi. Leva. Nani amekuambia?"

Mama akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa, nguo zinatupwa huku na huku. Akatoka na lile gazeti, sasa la manjano, akalitupa mapajani mwa baba. Baba aliweka mkono wake wa kulia juu yake. Hakulifungua.

"Mpira umeungua upande mmoja," akasema.

"Umeuona wapi? Mimi nimeukalia!"

"Sikuuona. Ni harufu." Alikuwa anaongea na lile gazeti, si na sisi. "Siku ile nikikimbia. Kabla sijamfikia, nikasikia harufu ya mpira ulioungua. Nilikuwa sijajua kama yuko hai au amekufa, lakini nilijua tayari ni mimi."

Nikawaona wale watu wa akala na misumari yao ya moto. Nikaiona njia ya nyuma ya kichinjio, matope yake, mbwa wake, na baba yangu akipita pale mara tano kwa siku na tasbihi yake.

"Na ukanyamaza!" mama akapiga kelele. "Muda wote huu! Mimi nimelala na hiki kitu chini ya nguo zangu za harusi, nimeharibu sufuria zangu zote, na wewe unajua!"

"Ulikuwa unalala," baba akasema. "Usiku mimi niko macho, naona wewe umelala. Nikasema, mwache. Akijua hatalala tena."

"Nani alikuwa analala? Nilikuwa nafumba macho ili wewe usinione! Mjinga! Mzee mjinga wewe!"

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akimwita baba hivyo, wala kwa mzaha. Halafu akakaa chini, ubavuni mwa kile kigoda, akaegemeza kichwa kwenye goti lake, akalia kwa sauti, kile kilio ambacho hakukilia wakati wa mazishi. Baba aliacha mkono wake ulipokuwa, juu ya gazeti.

Mimi sikujua la kufanya, kwa hiyo nikamimina chai. Nilimimina, nikageuka, nikamnyoshea kikombe, na kilipokuwa tayari kiko mbele ya uso wake ndipo nikaona ni mkono gani. Niliona na yeye anaona. Kikombe kikakaa hewani. Nilikuwa mwanamke mzima, na mwili wangu wote ulikuwa unasubiri kitambaa cha kilemba.

Baba akanyosha mkono wake wa kushoto, akakipokea, na akanywa.